Naweka 10,000 kila mwezi, miaka 3 imeisha: mbona akiba haikui kama nilivyohesabu?

Kibubu Kipya:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa hesabu, maana naona kama kuna mahali napigwa.

Naweka 10,000 kila mwisho wa mwezi kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Faida ni wastani wa 10% kwa mwaka, inaingizwa kila mwezi na inabaki humo humo. Miezi 36 imetimia, yaani nimeweka 360,000. Kwa hesabu yangu, 360,000 × 10% × miaka 3 ni 108,000, kwa hiyo nilitarajia kukuta 468,000, tena na zaidi kwa sababu ya ile riba juu ya riba inayosifiwa kila mahali. Salio linasoma 417,818. Faida ni 57,818 tu.

Maswali yangu:
1. Nani amekosea, mimi au wao?
2. Hiyo riba juu ya riba inaanza kuonekana lini?
3. Kati ya kuongeza mchango na kuhamia penye faida ya 12%, lipi lina uzito zaidi?

Lengo ni miaka 20 na kuendelea, si pesa ya kesho.

---

Hesabu Taratibu:

Mkuu, hujapigwa. Salio liko sawa kabisa. Ulipoteleza ni kuzidisha 360,000 yote kwa miaka 3 wakati 360,000 haijakaa miaka 3. Elfu kumi ya kwanza imekaa miezi 35, ya pili 34, na ya mwisho umeiweka juzi, haijazaa chochote. Jumlisha miezi yote, gawa kwa 36, unapata wastani wa miezi 17.5. Rudia hesabu hivi: 360,000 × 10% × 17.5 ÷ 12 = 52,500. Hiyo ndiyo faida ya michango yenyewe. Wewe umepata 57,818. Zile 5,318 zilizozidi ndizo riba juu ya riba ya miaka yako 3.

Najua 5,318 inakatisha tamaa. Sasa angalia inakoelekea, kwa mchango ule ule na 10% ile ile (ikigawanywa kwa 12, mchango ukiingia mwisho wa mwezi):

Miaka 3: michango 360,000, faida ya michango 52,500, riba juu ya riba 5,318, salio 417,818
Miaka 10: michango 1,200,000, faida ya michango 595,000, riba juu ya riba 253,450, salio 2,048,450
Miaka 20: michango 2,400,000, faida ya michango 2,390,000, riba juu ya riba 2,803,688, salio 7,593,688
Miaka 30: michango 3,600,000, faida ya michango 5,385,000, riba juu ya riba 13,619,879, salio 22,604,879

Kutoka mwaka wa 10 hadi wa 20 michango imeongezeka mara 2, faida ya michango mara 4, na riba juu ya riba mara 11. Haba na haba hujaza kibaba ni methali ya kujumlisha. Hapa tunazidisha, na kuzidisha mwanzoni hakuna anayekuona.

Swali la pili lina jibu la namba moja. Tafuta mwezi ambao faida ya mwezi inalingana na mchango wako. Kwa 10%, salio linalozaa 10,000 kwa mwezi ni 1,200,000, na utalifikia mwezi wa 84, yaani ukitimiza miaka 7. Kabla ya hapo wewe ndiye unayeubeba mfuko. Baada ya hapo, mfuko unaweka zaidi yako kila mwezi. Kizuri ni kwamba mwezi huo hautegemei kiasi unachoweka, uwe 1,000 au 100,000. Ni muda ule ule ambao pesa iliyotulia inachukua kujizidisha mara mbili. Kwa 8% ni kama mwezi wa 105, kwa 6% ni mwezi wa 139. Ukitaka kukadiria kichwani tumia kanuni ya 72: gawa 72 kwa asilimia ya faida, unapata miaka. 72 ÷ 10 ni 7.2. Kanuni ni ya kale, Mtaliano Luca Pacioli aliiandika mwaka 1494, na bado haijapata mpinzani kwa kazi ya kichwani.

Kwa hiyo mwaka wa 3 hujafika hata nusu ya njia ya kwenda huko. Usiuhukumu mfuko kwa sasa.

Swali la tatu. Ukiongeza mchango kwa 20% tangu mwanzo (12,000 badala ya 10,000), salio linapanda kwa 20%, iwe mwaka wa 3 au wa 30. Kupanda kutoka 10% hadi 12% kunafanya hivi:

Miaka 3: 430,769 badala ya 417,818, nyongeza ya 3%
Miaka 15: 4,995,802 badala ya 4,144,703, nyongeza ya 20.5%
Miaka 20: 9,892,554 badala ya 7,593,688, nyongeza ya 30%
Miaka 30: 34,949,641 badala ya 22,604,879, nyongeza ya 55%

Maana yake, nyongeza ya 2,000 kwa mwezi ina nguvu kuliko asilimia 2 za ziada mpaka kama mwaka wa 15. Na 2,000 iko mikononi mwako, asilimia 2 haiko. Mimi ningeanza na mchango.

---

Nyundo:

Mtaalamu hapo juu amesema vizuri, ila jamani hiyo 12% isichukuliwe kama mshahara. Faida ya mfuko wenye hisa haiji ikiwa imenyooka. Mwaka mmoja +30%, unaofuata −20%. Tangazo litaandika "wastani wa 5%". Zidisha: 1.30 × 0.80 = 1.04. Umepata 4% kwa miaka miwili, hata 2% kamili kwa mwaka hazifiki. Kadiri mabonde na vilima vinavyozidi, ndivyo wastani unaotangazwa unavyojitenga na pesa unayoikuta. Kwa hiyo ukilinganisha mfuko wa 10% uliotulia na wa 12% unaorukaruka, usiulize wastani. Uliza: 100,000 iliyowekwa miaka 10 iliyopita leo ni ngapi, baada ya ada zote?

Lakini kuyumba huko kuna upande wake mwema kwa anayeweka kidogo kidogo. Tuseme bei ya kipande (sehemu moja ya mfuko unayoinunua) ni 100, kisha 80, 50, 80, halafu inarudi 100. Kila mwezi unaweka 10,000. Unapata vipande 100, 125, 200, 125 na 100, jumla 650. Umetoa 50,000. Bei imerudi pale pale ilipoanzia, ila vipande vyako vina thamani ya 65,000. Wastani wa bei ulikuwa 82, wewe umenunua kwa wastani wa 76.92, kwa sababu pesa ile ile ilibeba vipande vingi siku ya bei mbaya.

Ambacho huwa hakisemwi: hilo linafanya kazi kwa kitu kinachorudi juu. Mfuko wenye makampuni mengi una nafasi ya kurudi. Hisa ya kampuni moja inayokufa haina, na kuinunua kila mwezi ikishuka ni kumwaga maji kwenye mchanga. Pia usichukue hoja hii ukagawanya pesa ya mkupuo ambayo tayari unayo. Kama una 600,000 mkononi leo na soko kwa muda mrefu linapanda, kuiweka vipande vipande kwa miaka 5 maana yake ni kuiacha nyingi yake ikae bure.

Na wanaoacha kuchangia bei ikishuka ndio wanaokosa ile miezi ya vipande 200.

---

Jedwali:

Naongezea palipoachwa: ada. Watu wengi huogopa ada ya kuingilia kwa sababu inaonekana siku ya kwanza, wanaipita ada ya mwaka kwa sababu inakatwa kimya kimya ndani ya bei ya kipande.

Chukua mfano huo huo, 10,000 kwa mwezi, 10% kabla ya ada, miaka 20.

Mfuko wa kwanza unakata 3% ya kila mchango wakati wa kuingia, halafu basi. Mwisho umepungukiwa 3% ya 7,593,688, kama 227,811.

Mfuko wa pili hauna ada ya kuingilia ila unakata 2% ya salio kila mwaka. Faida inayokufikia ni 8%, na mwisho unakuta 5,890,204. Umepungukiwa 1,703,484, zaidi ya 22% ya mali yote na mara saba na nusu ya ule wa kwanza. Kwa nini? Ada ya kuingilia inagusa kila mchango mara moja. Ada ya mwaka inaugusa mchango wako wa kwanza mara 20, na inagusa faida yake na faida ya faida yake.

Ila mizani hubadilika kwa muda mfupi. Ukitoka baada ya mwaka mmoja, ada ya 3% ya kuingilia imekuumiza zaidi. Hizo mbili zinalingana karibu mwaka wa 3. Kwa hiyo hakuna ada mbaya au nzuri mpaka useme utakaa muda gani. Kibubu Kipya, wewe wa miaka 20, angalia ada ya mwaka kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye waraka wa mfuko tafuta jumla ya gharama za mwaka kama asilimia ya mali ya mfuko. Usiishie kwenye ada ya meneja peke yake, maana kuna mtunza mali, mkaguzi na wengine nyuma yake.

Jambo jingine ni kodi. Kama sheria ya ulipo inakata 10% ya faida, kuna tofauti kati ya kukatwa kila mwaka na kukatwa siku ya kutoa. 100,000 kwa 10%, miaka 20: ikikatwa kila mwaka unabaki na 560,441. Ikikatwa mwisho mara moja, 615,475. Kiwango cha kodi ni kile kile, kilichobadilika ni kwamba pesa ya kodi ilikaa ikikuzalia kabla ya kuondoka.

Na msibabaishwe na tangazo la "faida inaingizwa kila siku". 10% ikiingizwa mara moja kwa mwaka ni 10%. Ikiingizwa kila mwezi inakuwa 10.47%. Kila siku, 10.52%. Ukiingiza kila sekunde hutavuka 10.52% hiyo kwa maana yoyote. Mfuko wa 10% wa kila mwezi unaushinda wa 9.5% wa kila siku.

---

Mzee wa Hatifungani:

Vijana wameeleza vizuri. Langu ni kuhusu pesa kutoka.

Kwanza, riba juu ya riba haipo kama riba inakujia mfukoni. Hatifungani ni mkopo unaoipa serikali au kampuni, nayo inakulipa riba mpaka muda uishe. Ya 100,000 ya miaka 20 kwa 10% inakulipa 10,000 kila mwaka. Ukila kila kuponi, yaani hiyo riba inayolipwa, mwisho umepokea 200,000 pamoja na mtaji wako, jumla 300,000. Pesa ile ile kwa 10% ile ile, kila kuponi ikirudishwa kuzaa kwa kiwango hicho, inafika 672,750. Hatifungani haikudanganyi, ila kazi ya kurudisha kuponi ni yako, na kuponi ndogo mara nyingi haifikii kiwango cha chini cha kununulia hatifungani nyingine. Mwenye kuweka kidogo kidogo apeleke kuponi kwenye mfuko wa pamoja siku ile ile inapoingia. Vivyo hivyo kwa gawio la hisa: kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua gawio lilipwe au linunulie vipande vingine. Hakikisha umechagua la pili, maana usipochagua, baadhi ya mifuko hulipa.

Pili, kuchomoa. 100,000 ukiitoa mwisho wa mwaka wa 3 si 100,000. Mwisho wa mwaka wa 20 ni pengo la kama 543,500. Kuruka michango ya mwaka wa kwanza wote, yaani 120,000, kunakugharimu kama 833,500 mwishoni. Kuruka ya mwaka wa 20 kunagharimu 125,656. Pesa ni ile ile, tofauti ni miaka 19.

Ndiyo maana dharura haitakiwi kuishi ndani ya mfuko huu. Weka pembeni matumizi ya miezi 3 hadi 6, mahali unapoweza kutoa siku hiyo hiyo, hata kama faida yake ni ndogo. Pesa hiyo haikuzalii sana, kazi yake ni kukuzuia usivunje ile nyingine. Na kama una deni la 24% kwa mwaka, lipa deni kwanza. Kila 10,000 inayopunguza deni hilo inakuokolea 2,400 kwa mwaka, bila hatari yoyote. Hakuna mfuko halali utakaokuahidi hivyo.

Na atakayekuahidi 10% kwa *mwezi*? Mpe karatasi na kalamu. 1.1 ikizidishwa yenyewe mara 12 ni 3.138. Mara 60 ni 304. Maana yake 100,000 ya leo iwe zaidi ya milioni 30 kwa miaka 5. Mtu mwenye mashine hiyo angekopa benki, angelipa riba yoyote, na asingehangaika kukusanya elfu kumi kumi za watu.

---

Kibubu Kipya:

Shikamoo Mzee. Wakuu, nashukuru sana, nimeelewa kosa langu la kuzidisha. Nabaki na mambo matatu:

Moja, nikitaka kujua mwenyewe faida halisi ninayopata, bila kutegemea tangazo, nahesabuje? Michango yangu haiingii tarehe ile ile kila mwezi.

Mbili, hiyo milioni 7.6 ya mwaka wa 20 itanunua nini bei zikipanda?

Tatu, kila ninapotuma mchango nakatwa 200 ya kutuma, nje ya ile 10,000. Je, niwe natuma kila baada ya miezi mitatu?

---

Mzee wa Hatifungani:

Marahaba. Hizo ni za Jedwali.

---

Jedwali:

Moja. Fungua Excel au programu yoyote ya majedwali. Safu ya A andika tarehe halisi za michango, safu ya B kiasi, kila mchango ukiwa na alama ya kutoa (−10000). Mstari wa mwisho weka tarehe ya leo na salio la leo, bila alama ya kutoa. Kwa michango 36 utakuwa na mistari 37. Kisha kwenye kisanduku kitupu: =XIRR(B1:B37,A1:A37). Kompyuta nyingine hutaka nukta mkato badala ya mkato.

Kwa mfuko wako majibu yatakuja karibu 10.47%, si 10%, kwa sababu kanuni hii inasoma faida ya mwaka mzima pamoja na ile ya kuingizwa kila mwezi. Usishangilie, ni kitu kimoja.

Panapoharibika:
– Ukisahau alama za kutoa, inaleta #NUM!. Lazima ione pesa iliyotoka na pesa iliyorudi.
– Ikileta #VALUE!, tarehe zimeandikwa kama maneno. Badilisha muundo wa safu ya A uwe wa tarehe.
– Ukiandika faida iliyorudishwa ndani kama mchango, majibu yatashuka. Faida haikutoka mfukoni mwako, usiiandike.
– Ada ya 200 iandike. Mchango wako kwa kweli ni −10200. Hapo ndipo utaona gharama yake.

Usifanye ile hesabu ya kienyeji ya faida ÷ michango ÷ miaka. Kwa mfano wa miaka 10 ingekupa 848,450 ÷ 1,200,000 ÷ 10, yaani 7% kwa mwaka, kumbe kweli ni 10.47%. Ni kosa lile lile la kwanza, safari hii limegeuka upande wa pili.

Kwa kupanga mbele, =FV(10%/12,240,-10000) inakupa 7,593,688. Ukiweka mwanzo wa mwezi badala ya mwisho, ongeza ,0,1 kabla ya kufunga mabano, inakuwa 7,656,969. Ukiwa na lengo na hujui uweke ngapi, tumia PMT: kufikia 5,000,000 kwa miaka 15 kwa 8%, =PMT(8%/12,180,0,5000000) inaleta 14,449 kwa mwezi (itaonekana na alama ya kutoa). Mimi hupenda kupanga kwa asilimia 2 chini ya ile inayotangazwa. Ikizidi, ni ziada.

---

Hesabu Taratibu:

La mfumuko wa bei nalichukua mimi, maana hapa ndipo majedwali mengi ya mitandaoni yanapofumba macho.

Tuseme bei zinapanda 6% kwa mwaka. Baada ya miaka 20 kilichonunuliwa kwa 1 kinanunuliwa kwa 3.207. Gawa 7,593,688 kwa hiyo, unapata kama 2,368,000 kwa nguvu ya leo. Ukiiangalia haraka utasema "mbona ni chini ya 2,400,000 niliyoweka, nimepata hasara!" Hapana. Michango nayo inazidi kuwa myepesi. 10,000 utakayoweka mwaka wa 20 ni kama 3,100 ya leo. Michango yote 240 ikipimwa kwa nguvu ya leo ni kama 1,414,000. Kwa hiyo umegeuza 1,414,000 kuwa 2,368,000. Ni ukuaji wa kweli, ila si ule wa mara tatu unaoonekana kwenye karatasi.

Faida halisi kwa mwaka usiipate kwa kutoa 10.47 − 6. Gawa: 1.1047 ÷ 1.06 = 1.042, yaani 4.2%.

Dawa si kukimbilia faida kubwa. Mchango uliogandishwa kwenye 10,000 ndio unaokuangusha. Uongeze kila mwaka kwa kiwango cha bei zinavyopanda: 10,000, halafu 10,600, halafu 11,236, na kadhalika. Kwa 6% hiyo utamaliza na kama milioni 11.58, ambayo kwa nguvu ya leo ni karibu 3,611,000, badala ya 2,368,000. Mfuko ni ule ule. Weka tarehe moja ya mwaka ya kupandisha, ikiwezekana mwezi ambao kipato chako kinapanda, uifanye siku hiyo hiyo kabla pesa haijazoea matumizi mengine.

---

Nyundo:

Na mwisho wa safari usisahaulike. Soko likishuka 30% ukiwa mwaka wa 3, unapoteza kama 125,000, sawa na michango ya mwaka na kidogo. Likishuka 30% mwaka wa 20, unapoteza 2,278,000, karibu michango yako yote ya miaka 20. Kushuka huko ni kule kule, kilichobadilika ni salio. Na kilichoshuka 30% hakirudi kwa kupanda 30%, kinahitaji karibu 43%.

Kwa hiyo kama mfuko una hisa nyingi na pesa ina tarehe ya kutumika, anza kuhamisha kwenye hatifungani fupi au amana miaka 4 au 5 kabla, sehemu moja ya tano kila mwaka. Utaacha faida fulani mezani. Kama pesa haina tarehe na utakuwa unaitoa kidogo kidogo, huna haja ya kuhamisha yote.

---

Jedwali:

Nimalizie lile la ada ya 200, maana jibu lake si "kila miezi mitatu" moja kwa moja.

Kuchelewesha 10,000 kwa mwezi mmoja kunakugharimu faida ya mwezi, 83. Weka mizani, ukilinganisha na kutuma kila mwezi:

Kila miezi 2: unaokoa ada moja, 200. Mchango mmoja umechelewa mwezi mmoja, 83. Unabaki na 117, yaani 58 kwa mwezi.
Kila miezi 3: unaokoa 400. Mmoja umechelewa miezi 2, mwingine mmoja, jumla 250. Unabaki na 150, yaani 50 kwa mwezi.
Kila miezi 4: unaokoa 600, unapoteza 500. Unabaki na 100, yaani 25 kwa mwezi.

Kwa hiyo miezi 2 ndiyo inayofaa. Ada ingekuwa chini ya 83, ungetuma kila mwezi bila kufikiri. Mchango wako ukifika 20,000, kuchelewesha kunagharimu 167 kwa mwezi, na faida ya kusubiri inakuwa 33 kwa miezi miwili, haina maana ya kusumbukia.

Hesabu hii inachukulia kwamba ile 10,000 inayosubiri itakuwepo mwezi wa pili. Kama unajijua, agiza benki ikate yenyewe kila mwezi na ulipe hizo 200. Uliza pia kama makato ya kudumu yana ada tofauti na ya kutuma kwa mkono, mara nyingine ni nafuu zaidi.